Maji ya Kisima Yapandapo Kitale

Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale karibu mita 1,900. Msafiri wa pwani hakioni kilima chochote cha kutisha kati ya miji hiyo. Barabara hupita Webuye, Misikhu na Kiminini ikipanda polepole, Mlima Elgon ukiwa upande wa kushoto. Injini ndiyo huuhisi mwinuko.

Tulikuwa kina mama, watoto na bibi mmoja katika gari la kukodi lililotoka nasi Mombasa. Tangu Bukembe tulikokota nyuma ya matrekta ya miwa, na tulipoiacha Webuye, mshale wa kipimo cha joto uligusa nyekundu. Dereva akasimama, akazima injini, akanyoosha mkono afungue kifuniko cha rejeta. Bibi akamzuia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

Alikuwa na haki. Kwenye sufuria ya wazi, huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100; ndani ya rejeta iliyofungwa, shinikizo huyazuia yasichemke hata yapitapo kiwango hicho. Kifuniko kikifunguliwa huchemka yote kwa pamoja na kumrukia aliyesimama mbele, na mara nyingi mtoto mdadisi huwa karibu.

Basi tukawaweka watoto mbali, chini ya mti, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza.

Fundi alifika kwa bodaboda. Injini ilipopoa, aliiwasha kwa muda, akashika mipira miwili ya rejeta: wa juu ulikuwa moto, wa chini baridi. Maji hayazunguki, akasema. Ama themostati imekwama, ama rejeta imeziba. Aliichomoa themostati akaitumbukiza katika sufuria ya mama muuza chai wa kando ya barabara. Ilifunguka vizuri kabla maji hayajachemka. Kumbe tatizo ni rejeta. Alipoimwaga, yalitoka maji ya kahawia yenye magamba meupe.

“Gari hili hunywa maji ya kisima,” akasema. Nasi twavijua visima vyetu vya pwani, chumvi na chokaa yake. Sufuria zetu za chai hushuhudia. Wazee waliokinga mvua kwenye birika walijua tofauti. Katika barabara tambarare ya Malindi, rejeta iliyoziba nusu huweza kujificha miaka.

Dereva alitaka themostati itupwe, kama wafanyavyo wengi. Fundi alikataa, nasi twaafikiana naye: bila hiyo, injini hukaa baridi asubuhi za Kitale na kula petroli zaidi.

Tulifika Kitale mwendo wa taratibu. Huko rejeta ilifunguliwa, ikasafishwa, ikajazwa kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Mama muuza chai alikataa malipo ya makaa. Alichotaka ni sufuria yake isuguliwe kwa majivu mara mbili, na tuliisugua.