Safari ya Tarime na Serengeti: Kambare Wanaozaliwa Ndani ya Beseni

Ndugu msomaji, leo panda nyuma ya pikipiki yangu twende safari. Tutatoka Tarime mjini. Tutapita Nyamwaga na Nyamongo, tutavuka mto Mara, na tutafika Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Tunakwenda kutazama samaki, lakini hatutaona nyavu wala mitumbwi. Samaki hawa wanazaliwa ndani ya mabeseni, chumbani, jirani na jiko.

Samaki mwenyewe ni kambare. Wengine humwita mumi. Unamfahamu. Hana magamba. Kichwa chake ni kipana na kigumu, na ana ndevu 8.

Nyumba ya kwanza iko katika nyanda za juu za Tarime, kwenye kahawa na migomba. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Aprili. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima, na baridi ilikuwa inauma vidole. Mwenye nyumba ni mama aliyenizidi umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Karibu. Lakini leo usiniambie habari ya chandarua."

Wanawe walicheka. Mimi sikucheka. Sababu yake nitakueleza, maana kosa lilikuwa langu.

Mama huyu alichimba bwawa pamoja na wanawe. Lilikuwa na urefu wa hatua 20 na upana wa hatua 10. Mimi nilimshauri aweke kambare wakubwa, majike na madume, kisha angoje wazaliane. Nilifikiri kambare huzaa bwawani kama perege. Mama alingoja mwaka mzima. Kambare walinenepa, lakini hakuonekana mtoto hata mmoja. Majirani wakalipa bwawa lile jina la "tasa".

Niliona haya. Nikaenda kuwauliza mabwana samaki waliosoma Chuo cha Uvuvi Nyegezi, kule Mwanza. Elimu yangu mimi ni ya mazao, na cheti changu ni cha kilimo. Wakanieleza jambo ambalo ningeliuliza kabla ya kumchimbisha mama wa watu bwawa.

Kambare hungoja mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha, mto hufurika na maji mapya hufunika majani ya pembeni. Usiku kambare hutoka mtoni, jike na dume, wakaingia katika maji haya ya kina kifupi. Jike hutaga, dume humwaga mbegu zake, na mayai hunata kwenye majani. Kisha wazazi huondoka. Bwawani maji hayapandi na hayafuniki majani mapya. Kwa hiyo jike hukaa na mayai yake tumboni, akingoja mafuriko yasiyokuja.

Sasa, nini kinachomwambia jike kwamba mafuriko yamefika? Chini ya ubongo wake iko tezi ndogo sana, kama punje ya ulezi au kubwa kidogo. Mafuriko yakifika, tezi hiyo hutoa maji yake, na mayai hupevuka. Binadamu wamejifunza kuichukua tezi hiyo kutoka kwa kambare mmoja na kumpa mwingine kwa sindano. Hayo ndiyo mafuriko ya ndani ya beseni.

Mama alikuwa amefanya kazi hiyo jana yake, saa 11 jioni. Alichinja kambare mmoja mpevu, akapasua kichwa, akatoa tezi. Akaisaga ndani ya maji ya chumvi, gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji safi. Kisha akamdunga jike sindano katika nyama ya mgongo. Kambare anayetoa tezi awe na uzito sawa na jike, au zaidi. Nyama yake haitupwi. Ilikuwa kitoweo cha usiku ule.

Jike huchaguliwa kwa kumtazama tumbo. Liwe limejaa na laini, na ukilibonyeza polepole mayai machache yatoke. Dume utamtambua kwa kijidole kirefu chenye ncha, kilicho karibu na tundu la haja.

Tulipofika ilikuwa saa 2 asubuhi. Zilikuwa zimepita saa 15. Maji ya huku juu ni ya baridi, nyuzi 22 hivi, na katika baridi mayai huchelewa kupevuka. Mama alimfunga jike kichwa kwa kitambaa kilicholowa maji. Akamkausha tumbo, kisha akalikamua kuelekea mkiani. Mayai yakatoka kama uji, yakaingia katika bakuli kavu. Gramu 1 ya mayai hayo ina mayai kama 600 au 700. Kwa hiyo jike mmoja wa kilo 1 huweza kutoa makumi ya maelfu. Mama alichukua vijiko vichache tu. "Mabeseni yangu ni 4," alisema. "Nikizaa wote, nitawalaza wapi?"

Dume hakamuliki kama jike. Inabidi achinjwe, na mifuko yake ya mbegu itolewe na kukatwakatwa. Mama alichanganya mbegu na mayai, akatia maji safi kidogo, akakoroga kwa unyoya wa kuku kwa muda wa dakika 1. Unyoya ni laini, hauvunji mayai. Halafu akayamwaga polepole juu ya wavu uliotandikwa ndani ya beseni, mayai yakanata.

Ndugu msomaji, hapa kwenye wavu ndipo palipo na kile kisa cha chandarua. Mwaka jana mama alifanya kazi hii kwa mara ya kwanza. Alikopa fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa, akanunua mabeseni na kambare wazazi. Mimi nilimwambia, "Tandika chandarua, mayai yashike." Sikusema zaidi. Mama akachukua chandarua alichopewa zahanati, chenye dawa ya kuua mbu. Mayai yaliangua, na vifaranga walichezacheza saa chache. Asubuhi yake wote walikuwa wamelala chini ya beseni, weupe. Dawa ile haimdhuru mtu anayelala ndani ya chandarua, lakini kwa samaki ni sumu kali. Hata chandarua kikuukuu kilichofuliwa mara nyingi bado kina dawa.

Mama aliuza mbuzi mmoja akalipa kikundi sehemu ya deni. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Sasa anatumia wavu wa plastiki wa dirishani, usiotiwa dawa. Anauosha kwa maji matupu, bila sabuni. Chandarua kimerudi kitandani.

Kabla hatujaondoka alikuja jirani yake, mzee mmoja Msabato. Huku Mara Wasabato ni wengi, na wao hawali samaki asiye na magamba. Mzee alichungulia ndani ya beseni, akaniambia, "Bwana shamba, pumba za kuwalisha nitamuuzia mama. Lakini chunguni kwangu hawaingii." Nawe, kabla ya kuanza, angalia ni nani atakayenunua samaki wako. Mama anao wanunuzi, nao tutawakuta mbele ya safari.

Tukateremka. Tuliipita Nyamwaga, tukafika Nyamongo kwenye dhahabu. Hapo pana magari makubwa na vumbi hata wakati wa masika. Kila hatua tuliyoshuka joto liliongezeka. Baadaye tukasimama darajani, juu ya mto Mara.

Mto huu huanzia katika milima ya Mau, nchini Kenya, na urefu wake ni kilomita 395 hivi. Hupita mbuga ya Maasai Mara na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, halafu huku kwetu huja kati ya wilaya zetu mbili. Mwisho huingia katika tindiga kubwa la mafunjo, na kutoka hapo katika Ziwa Victoria. Kule juu, upande wa Kenya, watafiti walihesabu mizoga ya nyumbu waliozama wakivuka, kuanzia mwaka 2001 hadi 2015. Wastani ulikuwa kama nyumbu 6,250 kila mwaka. Mamba hula, ndege hula, na samaki nao hula. Usishangae kumwona kambare wa mto Mara ana tumbo kubwa.

Mvua zikija, kambare hawa hutoka kwenda kutaga majanini. Watu nao huwangoja usiku kwa tochi, mikuki na mapanga. Nimewaona. Kambare anayeuawa usiku ule tumbo lake limejaa mayai. Mtu hubeba samaki mmoja kwenda nyumbani, lakini ameua na wale ambao wangezaliwa.

Mwezi wa Machi 2022 jambo jingine lilitokea. Sehemu za chini za mto, kuelekea Kirumi, maji yaligeuka rangi na samaki wengi wakafa. Serikali ilizuia kwa muda kuvua na kutumia maji yale. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba hewa ilikuwa imepungua mno ndani ya maji, kwa sababu ya majani yaliyooza na uchafu wa mifugo. Nakukumbusha habari hiyo kwa sababu hata beseni lako ni mto mdogo. Chakula kikibaki na kuoza, hewa hupungua na vifaranga hufa. Kambare mkubwa anaweza kupanda juu akameza hewa. Kifaranga mchanga hawezi. Huanza kufanya hivyo akiwa na umri wa wiki 2 hivi. Kabla ya hapo hutegemea hewa iliyomo ndani ya maji, kama samaki wengine.

Tukavuka, tukashika njia ya Mugumu. Karibu na mji yupo kijana fundi wa redio na simu. Amejenga tangi la vioo vya dirisha, analo juu ya meza ya kazi. Watoto wa shule hupita kila siku kutazama. Vifaranga wake walikuwa wa wiki 3, weusi, wenye ndevu tayari. Tangi hili ni zuri kwa kujifunzia, maana unaona kila kitu. Lakini kambare anapenda giza, na kijana hufunika vioo kwa gunia. Hulifunua kidogo tu kwa ajili ya watoto.

Huku chini maji yana joto la nyuzi 26. Jike aliyedungwa huwa tayari baada ya saa 10 tu, na mayai huangua baada ya siku 1 hivi. Kwa mama kule juu huchukua karibu siku 2. Kwa hiyo usiige saa za jirani aliye bondeni. Pima maji yako mwenyewe.

Nilimuuliza kijana shida yake ni ipi. Hakujibu. Alifunua gunia, akanionyesha kifaranga mmoja. Mkia wa ndugu yake ulikuwa bado unaning'inia mdomoni.

Hiyo ndiyo tabia ya kambare. Aliyetangulia kukua humla mdogo, na njaa huzidisha mambo. Kijana ametoboa beseni moja matundu yanayolingana. Kila baada ya siku 5 huwachekecha humo. Wadogo hupita, wakubwa hubaki, na kila kundi hukaa peke yake. Kuhusu chakula, siku 3 za mwanzo kifaranga hula kiini alichozaliwa nacho tumboni. Baada ya hapo anahitaji wadudu wadogo wa maji. Kijana huwafuga katika shimo alilotia samadi, kisha huwachota kwa kitambaa na kuwasuuza. Kiini cha yai la kuchemsha pia kinafaa, lakini kidogo sana, maana huchafua maji upesi. Wakikua kidogo huwapa unga wa dagaa uliochanganywa na pumba. Sehemu ya maji hubadilishwa kila siku, kwa maji yaliyokaa chumbani usiku kucha ili joto lilingane.

Kwa kijana huyu ndipo tulipomkuta mnunuzi. Alikuwa ametoka ziwani na ndoo zake. Wavuvi wa sangara huhitaji chambo hai cha kutia katika ndoana. Kambare wa urefu wa kidole anafaa sana, kwa sababu hafi upesi. Zamani mnunuzi huyu alichota vifaranga katika tindiga la Mara tu. Siku hizi hununua pia majumbani. "Wa nyumbani wanalingana," aliniambia. Kifaranga hufika urefu huo kwa miezi 2 hivi akitunzwa vizuri. Bei hupanda na kushuka. Patana na mnunuzi kabla hujamdunga jike sindano.

Na wazazi usiwatafute ndani ya Hifadhi. Uvuvi humo umekatazwa. Nunua kwa mfugaji mwenzako au kwa mvuvi anayefuata sheria.

Siku ya 3 nilirudi Tarime kwa njia ile ile. Giza lilikuwa limeingia nilipobisha hodi kwa mama. Alinipa taa ya simu yake, akafunua beseni la kwanza. Mayai machache yaliyokufa alikuwa ameyatoa, yale meupe. Pembeni niliona kitu kama kivuli kinachotetemeka. Nilipomulika, kivuli kilihama upande wa pili. Walikuwa vifaranga, wembamba kama vipande vya uzi, wanakimbia mwanga.

"Ni wangapi, mama?"

"Usiwahesabu. Zima taa, unawasumbua." Akafunika beseni. "Wakifika kidole, wa kwanza ni wa deni la kikundi. Wa pili ni wa kununua mbuzi. Na wewe, bwana shamba, ndiye utakayekwenda mnadani kunichagulia."