Ndege Ndogo: Inakula Nini, na Inatoa Nini?

Wengi wenu mmepata kuiona ndege ndogo ikipita juu ya migomba, na watoto wakiikimbilia kwa kelele mpaka inapotea. Pengine ilikuwa imembeba daktari, maana tangu mwaka 1957 shirika la AMREF limekuwa likiwapeleka waganga kwa ndege mahali pasipo na barabara nzuri. Pengine ilikuwa imebeba watalii. Lakini zipo ndege ndogo nyingine ambazo hazibebi mgonjwa wala mtalii. Ni mali ya mtu binafsi, naye huruka siku yake ya mapumziko kwa kupenda tu, kama vile mwingine apendavyo kuvua samaki. Nataka kuwaeleza habari za ndege hizo, kwa sababu mwaka jana jambo hilo liliingia katika ukoo wetu, likataka kuondoka na kihamba.

Mimi ni fundi mstaafu. Kwa miaka 22 nilifanya kazi katika karakana moja ya ndege kwenye kiwanja cha Wilson, mjini Nairobi. Kiwanja hicho kinaitwa kwa jina la Bi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929. Klabu ya warukaji wa Afrika ya Mashariki ni ya zamani zaidi, ilianza mwaka 1927. Mimi sikuwa rubani. Kazi yangu ilikuwa chini: kufungua vifuniko vya injini, kumwaga mafuta machafu, kusafisha plagi, kutafuta ufa na kutu. Ndiyo maana mambo ya ndege nayajua kwa upande ule ambao watu hawautazami wanapoinua macho.

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi ya kompyuta huko Nairobi. Rafiki zake watatu walimwomba awe wa nne katika kununua ndege moja kuukuu ya viti vinne, aina ya Cessna 172. Aina hiyo inajulikana dunia nzima: iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 44,000. Basi kijana akaja nyumbani Rombo, akawaomba wazee ruhusa ya kuuza sehemu yake ya kihamba. Akasema, "Wazee wangu, robo ya bei ya ndege hii haizidi bei ya gari zuri." Na katika hilo alisema kweli.

Wazee walikaa kimya. Kihamba si kitu cha kuuza kama mbuzi. Ndipo mama yake, shemeji yangu, akanigeukia akauliza, "Shemeji, wewe umekaa na ndege hizo. Hebu tuambie: inakula nini, na inatoa nini?" Mtu aliyefuga ng'ombe huuliza hivyo kabla ya kuuliza bei. Nami nikawajibu kama nitakavyowajibu ninyi.

CHAKULA CHAKE

Kwanza inakula petroli. Ndege ya namna hiyo hunywa lita 30 hivi au zaidi kwa kila saa moja ya kuruka. Tena petroli yake si ile ya magari. Ni petroli maalumu yenye risasi ndani yake, imetiwa rangi ya buluu ili watu wasiikosee, nayo ni ghali kuliko ya gari. Haipatikani kila kiwanja, kwa hiyo mwenye ndege akitaka kwenda mbali lazima apange kwanza atajaza wapi.

Lakini petroli ndiyo sehemu nyepesi, maana usiporuka, huinunui. Chakula kizito ni kile ambacho ndege inakula hata ikiwa imelala. Inalipa mahali pa kulala. Inalipa bima. Na cheti cha kufaa kuruka hutolewa kwa muda tu. Ili kupata kingine lazima mafundi wenye leseni waikague, wafungue mbavu zake, wachungulie nyaya, breki na viungo vyote. Mara nyingi mwenye ndege hulia siku hiyo, kwa kuwa hakuna ajuaye tutakuta nini. Nimeona ndege iliyoingia karakana kwa ukaguzi wa siku chache ikakaa miezi mitatu ikingoja kipuri kimoja kutoka ng'ambo.

Halafu kuna injini yenyewe. Injini ya Cessna ya aina hiyo mara nyingi ni Lycoming ya silinda nne. Mafuta yake hubadilishwa kila saa 50 hivi. Mtengenezaji anashauri kwamba ikifika saa 2,000, au miaka 12, yoyote itakayotangulia, ifunguliwe yote na kujengwa upya. Kazi hiyo peke yake huweza kula fedha nyingi kuliko ile robo ya bei aliyotaka kuilipa mwanetu. Kwa hiyo mwenye busara huweka akiba kidogo kwa kila saa anayoruka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa ndege, kila saa na kila spana iliyoguswa huandikwa daftarini kwa sheria.

Labda mtu atasema, "Nikikosa fedha nitaiacha tu isimame." Hapo ndipo wengi hudanganyika. Injini isiyowashwa hushika kutu ndani, kwa sababu ya unyevu unaobaki. Ndege wa angani hujenga kiota chini ya vifuniko vyake. Nyigu huziba kwa udongo kile kibomba kidogo kinachopima mwendo, ndiyo maana sisi hukivika mfuko kila jioni. Na ikilala katika kiwanja cha mbugani, fisi huja kutafuna magurudumu. Marubani wa huko huizungushia ndege boma la miiba, sawasawa na ndama. Ndege iliyosimama huharibika upesi kuliko irukayo.

Niliwahi kuona jamaa wanne walioshirikiana kama alivyotaka kushirikiana mwanetu. Walikuwa watu wazuri, wapole. Miaka miwili mambo yalikwenda vema. Kisha mmoja akapoteza kazi, na mwezi uleule tukakuta silinda moja ina ufa. Robo yake ikawaangukia watatu, nao hawakujiandaa. Ndege ikawekwa pembeni ya uzio. Majani yakaota mpaka kwenye mabawa. Baada ya miaka miwili waliiuza kwa bei ya vipuri, na urafiki wao ulikuwa umekwisha zamani. Robo ya ndege si robo ya bei ya kununua tu. Ni robo ya kila ufa utakaotokea.

INATOA NINI

Shemeji akauliza tena, "Na maziwa yake je?" Nikamwambia, maziwa hakuna. Leseni ya rubani wa binafsi haimruhusu kubeba watu kwa malipo. Kanuni za mataifa zinadai kwa kawaida saa zisizopungua 40 za mafunzo ya kuruka, pamoja na mitihani na kupimwa afya, na baada ya hayo yote mtu huruhusiwa kuruka kwa furaha yake tu. Anayetaka mshahara lazima asome zaidi, apate leseni nyingine, na kampuni nayo iwe na kibali chake. Kijana alijua hayo, lakini wazee hawakujua. Walidhani italeta kitu nyumbani.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba haitoi kitu. Nilipelekwa juu mara nyingi kupima ndege tuliyoitengeneza. Asubuhi mapema, hewa ikiwa baridi na tulivu, nimeuona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro, mlima wetu, upande wa pili, katika saa ileile. Sikuwa na fedha za kununua hata gurudumu la ndege ile, lakini asubuhi ile ninayo mpaka leo. Mtu anayependa kuruka si mpumbavu. Tena anajifunza mambo ambayo yangefaa kila mzazi na kila dereva: kutokuwa na haraka, kuandika, kupima, na kukubali kurudi.

Mfano wa kupima ni huu. Watu huona viti vinne wakadhani ni watu wanne. Ndege hiyo haipasi kuzidi kilo 1,043 inapoondoka. Yenyewe tupu ina yapata kilo 650. Matangi yakijaa, petroli ni kama kilo 110. Zinabaki kilo 280 tu. Wanaume wanne wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 300, hata kabla ya kupakia mkoba mmoja. Zaidi ya hayo, kiwanja cha Wilson kiko mita 1,690 hivi juu ya bahari, na hewa huko ni nyepesi. Injini ya namna hiyo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Adhuhuri ya jua kali hali huwa mbaya zaidi. Ndege ile iliyoruka kwa urahisi Mombasa huhitaji njia ndefu zaidi Nairobi, na hupanda polepole.

Palikuwa na mama mmoja mwenye mvi, mwenye ndege yake, ambaye sisi mafundi tulimheshimu sana. Kila mara kabla ya kuruka alikinga petroli kidogo chini ya kila bawa na chini ya injini, akaishika glasi juu mbele ya jua. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini. Akiona tone, alimwaga akakinga tena mpaka iwe safi. Injini ina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili. Alizijaribu moja moja kabla ya kuondoka. Siku moja alikuja na wageni watatu, watu wakubwa, na mizigo. Alipiga hesabu, akapiga tena, kisha akamwambia mmoja, "Wewe utabaki. Nitarudi kukuchukua." Yule bwana alikasirika mbele yetu sote, akasema amekuja kutoka mbali. Mama alimjibu kwa upole, "Ni afadhali unikasirikie hapa chini." Akaenda na wawili, akarudi, akamchukua wa tatu.

Basi, wasomaji, hapa ndipo fedha na uhai vinapokutana. Mama yule aliweza kusema "hapana" kwa sababu aliweza kuilisha ndege yake. Kwenda mara mbili kulimgharimu petroli, naye alikuwa nayo. Mwenye ndege aliyeuza kihamba ili ainunue, atasema nini fundi akimwambia silinda ina ufa? Atasema, "Si itafika mwisho wa mwezi?" Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi. Nyuma ya usukani wa gari maneno hayo humwacha mtu kando ya barabara. Angani hakuna kando ya barabara. Na kiti cha pili hukaliwa na mtu asiyejua lolote. Mnamo tarehe 14 Mei 1931 Mwingereza Denys Finch Hatton alianguka na ndege yake ndogo mara tu baada ya kuondoka Voi, akafa. Alikufa pamoja naye Mkikuyu mmoja aliyekuwa mtumishi wake. Sisemi kwamba ndege ile ilikosa matunzo. Nasema tu kwamba anayepanda huweka uhai wake katika daftari la mwingine.

Kijana wetu alisikiliza yote. Nilimpa karatasi, nikamwambia aandike chakula cha mwaka mzima cha ndege ile, agawe kwa nne, kisha agawe kwa tatu, kwa ajili ya siku ambayo mmoja atashindwa. Aliandika usiku kucha mezani kwa mama yake. Asubuhi alitoka akasema, "Baba mdogo, kwa nne naweza. Kwa tatu siwezi." Hakuna mzee aliyemkatalia; hesabu yake ndiyo iliyomjibu. Kihamba kipo. Yeye sasa anajifunza kwa kulipia kila saa katika ndege ya wengine, kidogo kidogo, kadiri mshahara unavyomruhusu, na mwezi ambao fedha hazitoshi haruki.

Nanyi wazazi, watoto wenu wakipenda ndege msiwacheke, maana ni kazi ya heshima, iwe ya rubani au ya fundi. Lakini wafundisheni kuuliza swali la shemeji yangu kabla ya lile la bei. Na ninyi wenyewe mkialikwa siku moja kupanda ndege ndogo, mtazameni mwenyewe kwanza. Akiipima mizigo yenu, akiishika petroli mbele ya jua, na akiwa radhi kuwaambia "leo hapana, mawingu ni mengi," msinung'unike. Ngojeni naye mpaka kesho, kisha mpande kwa moyo mweupe.