Kuziba au Kutupa

Ukitoka Dar es Salaam, Chalinze ndipo njia zinapoachana. Wa Morogoro, Iringa, Mbeya na mpaka Tunduma ananyoosha; wa Segera, Tanga na Moshi anakata kulia. Gari lililookota msumari Dar es Salaam au Kibaha, likiwa linavuja polepole, mara nyingi hujitambua hapo. Kwa fundi pancha hiyo ni riziki. Nilifika nikiwa kijana wa kuteka maji ya beseni, nikaja kuwa na kompresa yangu, jeki zangu na banda la mabati pembeni mwa barabara.

Mzee aliyenifundisha hakuwa na maneno mengi. Enzi zile malori karibu yote yalitembea na tyubu, na tyubu haina ugomvi. Unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni, mapovu yanakuonyesha tundu lilipo. Unakwangua, unapaka gundi, unaiacha ikauke, unabandika kiraka. Tundu gumu tulikuwa tunalichoma: pistoni kuukuu ya injini inabanwa juu ya kiraka, inatiwa petroli kidogo na kuwashwa, na moto ukizimika wenyewe mpira umeshashikana. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba siri ya kuupika mpira kwa salfa na joto aliigundua Mmarekani, Charles Goodyear, mwaka 1839. Kwa mzee wangu Goodyear halikuwa jina la mtu, lilikuwa andiko la ubavuni mwa tairi. Na hata hilo andiko si mali ya Charles: kampuni ilianzishwa mwaka 1898, yeye keshakufa zamani, ikachukua jina tu.

Tyubulesi ndiyo iliyotuletea kazi ya kuamua. Tyubu ikioza unatupa tyubu, tairi linabaki. Kwenye tyubulesi tairi lenyewe ndilo linaloshika upepo, kwa hiyo tundu lake ni kesi ya tairi zima. Swali la kwanza ni wapi. Msumari ukiingia katikati ya kashata, na tundu lisizidi milimita 6 hivi, linazibika na mtu anasafiri hata Tunduma bila wasiwasi. Ukiingia begani, pale kashata zinapokutana na ubavu, au ubavuni kwenyewe, sigusi. Ubavu unakunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka. Kiraka cha hapo kitabanduka, na kikibanduka hakikupi taarifa.

Hayo kila fundi anayajua. Kinachotushinda ni swali la pili, ndani kukoje, kwa sababu jibu lake halionekani ukiwa nje.

Jioni moja mama mmoja aliegesha Noah mbele ya banda, watoto wamelala kiti cha nyuma. Tairi la mbele kushoto liko bapa. Msumari mdogo, katikati kabisa, kashata zimesimama kama za dukani. Alikuwa amejikongoja nalo hivyohivyo kilomita kadhaa, maana giza lilikuwa linaingia na porini hakutaka kusimama. Kijana wangu alishachukua utambi wa mpira, ule unaochomekwa kwa nje bila kulitoa tairi kwenye rimu. Nikamwambia abandue kwanza.

Nikatia mkono ndani. Ukatoka na unga mweusi na vijipande vya mpira vidogovidogo. Ubavu kwa ndani ulikuwa na duara lililochubuka kuzunguka tairi lote, na mahali pengine nyuzi zilishachungulia. Ndivyo inavyokuwa: tairi likikosa upepo, rimu inaukandamiza ubavu, unajisaga wenyewe na kuungua kwa joto, huku nje umebaki mweusi na mzuri.

"Mama, msumari huu nauziba sasa hivi. Ubavu huu siuwezi."

"Mbona kwa nje liko zima tu, fundi?"

"Shusha mkono humu."

Akashusha, akauangalia ule unga vidoleni. Kisha akaniuliza swali ambalo wateja wengi huliweka moyoni: "Na wewe unauza matairi?"

"Siuzi, mama."

Tukafunga spea, tairi akalipakia nyuma.

Kweli sikuwahi kuuza matairi, na si kwa kukosa nafasi. Wenzangu wengi walipanga ya mtumba mbele ya kompresa, wakayapaka rangi nyeusi yang'ae, na faida ya tairi moja ilikuwa inapita ya kuziba kutwa nzima. Lakini mtu anayekuambia tairi lako limekufa huku jingine amelisimamisha nyuma yake, utamwaminije? Ila nami sikuwa msafi kwa kukosa duka. Fundi anayelipwa kwa kuziba ana tamaa yake: kila tundu kwake linazibika, kwa kuwa akisema halizibiki anabaki na jasho tu. Nilipoliona hilo nikaweka bei ya kubandua na kukagua, unalipa nikiziba nisizibe. Walionung'unika walikuwa wengi. Wapo waliowasha gari wakaenda kwa jirani, wakachomekewa utambi na kuondoka wakinipungia mkono.

Utambi siuchukii. Unakutoa porini, unakufikisha mjini. Shida ni mtu kuufanya ndoa ya kudumu. Kuziba kwa haki ni kwa ndani: unakwangua, unapitisha kiraka chenye mkia unaojaza tundu lote, na kiraka chenyewe kinashika upepo. Tundu likiachwa wazi kwa nje, maji yanapenya na kula waya za chuma zilizomo chini ya kashata.

Malori yalikuwa na kesi zake. Dereva anakubaliana nami kwamba tairi limekwisha, halafu anampigia tajiri Dar es Salaam, anarudi kichwa chini: "Tajiri kasema ziba." Tajiri halali juu ya lile tairi, anayelikalia ni dereva na utingo wake, na mlima wa Kitonga uko mbele yao. Lililozibwa vizuri nilikubali lihamie nyuma kwenye tela. La mbele, lenye usukani, sikulifanyia masihara, hata kwa tajiri aliyenitukana kwenye simu.

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000, tukabaki na ya kutoka nje, mapya na mtumba. Hapo nikajifunza kusoma umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 3512 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2012. Ukiona tairi kuukuu lenye kashata nene na nyufa ubavuni, kuliziba ni kupoteza gundi, hata kama msumari umeingia mahali pake. Kinyume chake nacho ni kweli: nimeona watu wakitupa tairi la mwaka juzi kwa tundu la sindano, kwa vile fundi mwenye duka aliwatia hofu.

Banda sasa analiendesha yule kijana wangu, na bei ya kukagua ameiacha palepale. Nawe ukipata pancha, usilipeleke tairi bapa hata mita mia ukisema kwa fundi si mbali. Simama pembeni ufunge spea. Ukifika kwa fundi, mwambie alitoe kwenye rimu, utie mkono wako ndani mwenyewe, ndipo muongee bei.