Mama Anayelea Juu ya Maji

Sisi tuliolelewa kando ya bahari ya uvuguvugu, baridi ya Pasifiki ya kaskazini twaijua kwa kusoma tu. Hata hivyo, yuko mama mmoja wa huko, fisi-maji wa baharini, ambaye habari zake zimetukaa moyoni. Huelea chali, mwanawe kifuani. Akitaka kuzamia kutafuta chakula, humlamba na kumpuliza manyoya hadi yajae hewa, na pengine humzungushia mwani mrefu ili mkondo usimchukue.

Hana mafuta mwilini kama nyangumi. Kinga yake ni manyoya, na manyoya hayo ndiyo yaliyomponza. Tangu miaka ya 1740 aliwindwa kutoka Alaska hadi California, na mkataba wa 1911 ulimkuta karibu ametoweka.

Alipokosekana, wale viumbe wa duara wenye miiba (jamaa za hawa watuchomao nyayo mwambani) walipungukiwa na mlaji. Wakazaana, wakaitafuna mimea ya mwani tangu mashinani, na penye misitu ya chini ya maji pakabaki mawe matupu, samaki wasiwe na pa kujificha. Mwaka 1938 kundi dogo lilionekana pwani ya Big Sur, California. Uzao wake leo ni kama 3,000.

Aliyenunua joho la manyoya alilipa bei ya ngozi. Msitu ule hakuulipia. Wala hakumlipia mtoto, ambaye kwa wepesi wa manyoya yake hawezi kuzama amfuate mamaye; hubaki juu ya maji, akilia.