Staringi Hafi: Muvi za Vita Ukiziangalia Ukiwa Ndau

Wadau, leo naongea muvi. Najua nitagombana na nusu yenu, lakini sawa tu. Hii posti nimeiandika nikaifuta mara tatu, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Kwanza tujuane. Mimi ni mtu wa Ndau. Kama hujui Ndau ni wapi, panda boti Lamu mjini, pita Mkanda, iache Pate nyuma pamoja na Faza na Kizingitini, halafu kabla hujafika Kiwayu utaona kisiwa kidogo. Ndo kwetu. Ng'ambo yetu ni bara, na bara yenyewe ni msitu wa Boni. Ukiendelea juu ni Kiunga, na baada ya Kiunga ni Somalia. Kwa hiyo nikisema napenda muvi za vita, usidhani ni mtu wa mbali anaongea.

Muvi nilizijulia bandani. Banda la makuti, televisheni moja ya mgongo, jenereta inayonguruma kwa nje, na sisi watoto tumekaa kwenye mchanga. Shilingi kumi unaingia. Huna, unachungulia kwenye tundu mpaka mwenye banda akuone. Sheria ya banda ilikuwa moja, na kila mtoto wa Afrika Mashariki anaijua: staringi hafi. Risasi zije kama mvua, yeye atapigwa ya bega, atafunga kitambaa, atainuka. Ukiona mtu anakufa, basi huyo hakuwa staringi. Tulikuwa tunabishana kabisa, muvi ikianza tu, "staringi ni yule mwenye singlendi!" Ukikosea unachekwa wiki nzima.

Haya, maoni yangu sasa. Muvi bora ya Rambo ni ile ya kwanza, First Blood ya 1982. Wengi wenu mnapenda ya pili, ya 1985, kwa sababu ya mlio wa bunduki. Mimi naipenda ya kwanza kwa sababu ndani yake anakufa mtu mmoja tu, yule polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Mmoja! Muvi nzima ni ya mtu aliyerudi vitani akakuta kwao hawamtaki. Na kuna jambo nililisoma nikiwa mkubwa likanivunja: kwenye kitabu cha David Morrell cha 1972, Rambo anakufa. Hata kwenye muvi waliishapiga sini ya Stallone akifa. Watu walipoonyeshwa kwa majaribio hawakuipenda, ikabadilishwa. Yaani hiyo sheria yetu ya bandani, hata Marekani wanaiogopa. Staringi haachwi hai na mikono yake. Anaachwa hai na watu walionunua tiketi.

Commando ya Schwarzenegger, pia ya 1985, mimi naihesabu komedi, na ukiiangalia kama komedi ni tamu sana. Bruce Lee sina la kusema. Enter the Dragon ilitoka 1973, mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka huohuo, na mpaka leo ukiiweka bandani watoto wanatoka wakipigana na minazi.

Lakini staringi wetu wa kweli alikuwa dijei. DJ Afro kwa sisi Wakenya, Lufufu kwa Watanzania, VJ Jingo kwa Waganda. Kuna watu wa mjini wanasema kuingiza sauti juu ya muvi ni kuiharibu. Mimi nakataa. Bandani kwetu Kiingereza alikuwa hakijui mtu, na dijei hakuwa akitafsiri tu. Alikuwa anawapa watu majina. Jambazi wa sekunde tano, anayetokea mlangoni apigwe risasi, dijei atampa jina, atasema anatoka kijiji gani, na kwamba asubuhi aliacha deni dukani. Tunacheka, halafu anakufa, na kidogo unamhurumia. Hilo nimelifahamu baadaye sana.

Nimelifahamu kwa sababu ya Black Hawk Down.

Hiyo ni ya Ridley Scott, ya 2001. Vita vya Mogadishu, tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Bandani ilikuja kavu, haina dijei. Ukiniuliza kama muvi, nitakwambia ni kali. Sauti peke yake ilipata Oscar na ilistahili. Lakini usiku ule alikuweko mzee mmoja, Mbajuni kama sisi, ila wa upande wa pili, wa vile visiwa vya chini ya Kismayu. Alikimbia vita miaka ya mwanzo ya tisini kama Wabajuni wengi wa huko, na ujanani mwake alikuwa akisafiri kwa jahazi mpaka Mogadishu. Hakuwa mtu wa banda. Siku hiyo kasikia jina la mji, kaja, kalipa shilingi yake kumi, kakaa nyuma.

Sisi tulikuwa tunapiga kelele kila helikopta ikipita. Mzee kimya. Muvi ilipokwisha nikamuuliza, "Babu, umeipenda?"

Akasema, "Mui ule si huo."

Yaani mzee yule muda wote, zaidi ya saa mbili, hakuwa akiangalia vita. Alikuwa anatafuta mji. Anatafuta nyumba alizozijua, msikiti, bandari, na kila kona ikipinduka haoni. Miaka baadaye nimepata intaneti nikasoma kwamba muvi ilipigwa Moroko, Rabat na Salé. Mzee alikuwa sahihi. Kabla hajatoka aliniuliza jambo moja jingine: "Na wale waliokuwa wakianguka, hawakuwa na majina?"

Sikuwa na jibu. Kwenye vita vile wanajeshi wa Marekani 18 walikufa, na muvi inakuonyesha majina yao, na ni haki yao. Wasomali walikufa mamia. Ndani ya muvi hao ni vivuli vinavyokimbia juu ya mapaa. Dijei angekuwepo, angalau mmoja angeitwa jina.

Captain Phillips ya 2013 ilijaribu zaidi. Inaanza kwa nahodha kwao Marekani, halafu inakupeleka ufukweni Somalia kwa vijana wanaogombea nafasi ya kupanda boti. Ukiwa Ndau, sini ile si ya kigeni. Boti ni zile, mashine nyuma ni zile, hata namna wanavyosukuma maji ya ufukweni. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu ambaye hakuwa ameigiza kabla, alipata BAFTA na akateuliwa Oscar. Ile meli, Maersk Alabama, ilipotekwa Aprili 2009 ilikuwa inakuja Mombasa kwetu. Na Septemba 2011 balaa lilifika Kiwayu yenyewe, jirani zetu, mtalii akauawa na mkewe akachukuliwa kwa boti. Oktoba ikawa Manda. Baada ya hapo wageni wakapotea, jeshi la Kenya likaingia Somalia, na vijana waliokuwa wakipika na kubeba mizigo kwenye hoteli wakarudi kukaa barazani. Hiyo sehemu haimo kwenye muvi yoyote.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili Mpeketoni ilipochomwa, Juni 2014. Baadaye ikaja kafyu, ikaja operesheni ya msitu wa Boni, na kwa miaka wavuvi wa Lamu walikatazwa bahari ya usiku. Kama hujazaliwa pwani, kukatazwa bahari ya usiku utaona ni jambo dogo. Kuna samaki anavuliwa usiku tu. Nimeona wazee wenye nyavu nzima wakikopa unga. Helikopta nilizokuwa nikizishangilia bandani zikawa zinapita juu ya banda.

Sasa nifike kwenye ile sababu ya kufutafuta.

Mimi nimetoka chuo mwaka wa pili. Mombasa, kozi siitaji, chuo sikitaji. Karo iliisha, na nitasema ukweli, hamu pia iliisha. Nikarudi Ndau na simu na kiburi. Nikaanza kutengeneza klipu. Moja nilimpiga ami yangu, mdogo wake baba, akisukuma mashua yake alfajiri kwenda kutoa kamba. Ami ana sura ya muvi kwelikweli: ndevu, kilemba, kifua wazi. Nikaongeza milio ya risasi, nikaweka moto wa kompyuta juu ya maji, nikaingiza sauti yangu kama dijei, nikamwita kamanda wa magaidi anaenda kuteka meli. Ilikuwa inachekesha, sitadanganya. Watu walilaiki kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Nilijiona staringi.

Wiki ya pili ami kasimamishwa baharini na boti ya doria. Kumbe mmoja wao alikuwa nayo ile klipu kwenye simu yake. Mwanzo walikuwa wanacheka naye. Halafu mkubwa wao hakucheka. Wakapekua mashua, wakauliza nani kapiga video, ni meli gani, na moto ule ulikuwa wapi. Ami hata hakujua kuna video. Simu yake ni ya tochi. Walimweka juani mpaka adhuhuri ndo wakamwachilia, na sitasema ni akina nani kwa sababu mwenye kosa la kwanza ni mimi.

Kamba ukimwona sokoni ghali, ni kwa sababu yuko hai. Akifa, mnunuzi anakuangalia kama unamuuzia kokoto. Ami alirudi na tenga zima limekufa. Hakunifokea. Alioga, akasali, akala, tukakaa nje. Ndo akaniuliza:

"Ile video umelipwa ngapi?"

"Sijalipwa, ami."

"Basi mimi nimelipa."

Akaingia kulala.

Usiku ule nilimfikiria yule mzee wa bandani. Nilikuwa nimefanya kilekile. Nimechukua mtu wa kwetu mwenye jina, mwenye watoto watano, nikamgeuza kivuli cha juu ya paa. Tena Hollywood wana udhuru, hawamjui. Mimi nalala nyumba moja naye.

Klipu nimeifuta. Najua imeshasambaa, lakini kwangu haimo. Na nimeanza kuangalia muvi upya, nikijiuliza swali tofauti na la bandani. Siulizi tena staringi ni nani. Nauliza, nani hapa hana jina, na kwa nini?

Kwa hilo swali, muvi ya vita ninayoiweka juu haina hata dakika thelathini. Inaitwa Watu Wote, ya 2017, imetengenezwa na wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg wakiongozwa na Katja Benrath, watu wanaongea Kiswahili na Kisomali, na ilifika mpaka kuteuliwa Oscar. Inatokana na basi la Mandera, Desemba 2015. Al-Shabaab walilisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, wakawafunika wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Huyo ndo staringi. Hana bunduki, hana singlendi, na alikufa. Kila ninayemjua huku aliyewahi kupanda basi la Lamu likisindikizwa na polisi, ameiangalia hiyo muvi akiwa ameshika kitu.

Lakini msidhani nimekuwa mzee. Wiki iliyopita nilimwonyesha ami Who Killed Captain Alex? kwenye simu yangu, kama njia ya kuomba msamaha bila kuomba. Hiyo ni ya Uganda, ya 2010. Nabwana I.G.G. aliipigia mtaani kwao Wakaliga, Kampala, kwa pesa ambazo inasemekana hazifiki dola 200. Bunduki wamechonga wenyewe, helikopta ni za kompyuta na unaona kabisa, na VJ Emmie anapiga kelele juu ya muvi mwanzo mpaka mwisho. Dunia nzima inaicheka na kuipenda. Kwangu ni muvi ya banda iliyotengenezwa na watu wa banda, na kila mtu ndani yake anaonekana ni mtu anayejulikana mtaani. Wanajicheka wenyewe kwa ruhusa yao wenyewe. Hapo ndipo mimi niliteleza. Ruhusa.

Ami kacheka mpaka kashika mbavu. Helikopta ilipochoma Kampala akasema, "Hii yako ilikuwa mbaya zaidi!" Nikajua tumepatana. Ilipokwisha akanirudishia simu.

"Sasa huyo Alex kauliwa na nani?"

"Hatuambiwi, ami. Muvi inaisha hivyo hivyo."

Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo kweli imepigwa huku kwetu."

Alfajiri nimekwenda naye kwenye kamba. Simu nimeiacha nyumbani. Amesema kesho naweza kuja nayo, lakini jina lake niliandike vizuri, na nisiongeze moto.

Haya, komenti ziko wazi. Niambie muvi yako ya vita ni gani. Halafu niambie mtu mmoja ndani yake ambaye si staringi, na jina lake. Ukikumbuka jina, nakupa heshima yako.