Kuhamisha Seva si Kupiga Window Upya

Wanachuo wenzangu, mafundi wengi wa mtaani wana jibu moja kwa kila kompyuta inayosumbua: "Piga window upya." Kwa kompyuta ya kuangalizia muvi, sawa. Kwa seva iliyobeba kazi za watu, ni sawa na kumhamisha mpangaji kwa kuchoma vyombo vyake, kisha kumkabidhi funguo za chumba kipya.

Steshenari moja pale Mlandege, si mbali na soko, ilikuwa na seva ya Linux. Mama mwenye duka aliweka humo daftari la madeni na ripoti za utafiti za wanafunzi waliokuja kuchapisha. Wengi hawakuwa na nakala nyingine. Flashi zao zilishaliwa na virusi. Ripoti ya SMART ilionyesha sekta mbovu zinaongezeka kwenye diski, na wiki mbili tu zilibaki kukabidhi kazi chuoni. Aliyeisimika seva alishahama mji. Kuanza upya kungekuwa kubahatisha jinsi alivyoipanga.

"Mwanangu, madeni yangu yote yamo humo," aliniambia.

"Mama, kwanza tuizime, isiendelee kuandika kitu."

Tuliwasha mashine kwa Linux iliyoko kwenye flashi, ili mfumo wa zamani ulale na hifadhidata isibadilike wakati tunanakili. Madeni na ripoti zilitangulia kwenye diski ya nje, maana diski inayokufa haisubiri upange foleni vizuri. Ndipo tukahamisha mfumo wenyewe kwenda SSD mpya kwa rsync, programu iliyoandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996. Uzuri wake, inatunza umiliki na ruhusa za kila faili, na umeme ukikatika unairudia tu: faili zilizokwisha kufika hazinakiliwi tena.

Lakini faili kufika haimaanishi mfumo utawaka. Kila sehemu ya diski ina kitambulisho chake, UUID, na faili la /etc/fstab linaita vitambulisho hivyo. Ukihama bila kulirekebisha, mfumo unaenda kugonga mlango wa nyumba ya zamani. Tukaandika vitambulisho vipya, tukaingia kwenye mfumo mpya kwa chroot, tukatengeneza upya initramfs na kusimika GRUB kwenye SSD. Kisha tukachomoa kebo ya diski ya zamani kabla ya kuwasha. Hilo wengi hulisahau: mashine inawaka kutoka diski ile ile mbovu, watu wanapiga makofi.

Ikawaka. Daftari likafunguka, mama akaanza kusoma majina ya wadaiwa kwa sauti, na wateja wawili wakatoka nje kimya kimya.

Hata hivyo rsync ilitaja faili mbili zilizoshindwa kusomeka, zote ripoti. Wenyewe walipigiwa simu jioni ile ile. Mmoja alikuwa na nakala kwenye barua pepe yake. Mwenzake alikuja na karatasi zake za dodoso, akakaa kwenye benchi la steshenari, akaanza kuchapa sura ya nne upya.

Ripoti yako wewe iko sehemu ngapi? Kama ni moja, jitumie kwa barua pepe leo, kabla hujaenda kula.