Neno "Strange" na Sisi wa Ulyankulu



Siku moja darasani tulipewa tafsiri ya Kiingereza ya hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), ile isemayo kuwa Uislamu ulianza ukiwa "strange" na utarudi kuwa hivyo hivyo. Mwenzetu mmoja akafasiri haraka: Uislamu ulianza ukiwa kitu cha ajabu. Tulicheka. Lakini tulipofungua kamusi tukakuta hakukosea sana, kwani maana hiyo imo.

Ustaadhi akatuuliza neno la asili ni lipi. Ni gharib. Hilo tunalo hata katika Kiswahili, gharibu, yaani mtu aliye mbali na kwao. Shina lake ndilo linalotupa Magharibi, upande jua linakozama, na Swala ya Maghrib. Na hilo "strange" nalo limetoka katika Kilatini, kupitia Kifaransa cha zamani, likiwa na maana ya kitu cha nje. Ajabu imekuja baadaye, maana mtu huona ajabu kile asichokizoea. Basi Uislamu ulianza ukiwa mgeni kwa watu wa Makka, na Mtume (S.A.W.) akawabashiria kheri wageni hao.

Hapa ndipo penye ugumu. Kiingereza kina "stranger" na kina "guest", maneno mawili mbalimbali. Kwetu wote ni mgeni. Neno geni, njia ngeni, mahali pageni, hayo yote hatuyajui. Lakini mtu akiwa mgeni anatandikiwa mkeka na kupewa maji. Ila siku ya tatu, wazee wanasema, mpe jembe.

Sisi jembe tulipewa kweli. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi. Babu zetu walipewa ardhi, wakafyeka miombo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Uraia wa Tanzania ulikuja baadaye sana: vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014, kwa watu zaidi ya 162,000 wa hapa, Katumba na Mishamo. Ni zaidi ya miaka 40. Na bado sokoni mtu hukuuliza, "Nyie wageni, mnatokea wapi hasa?" Hamaanishi mkeka na maji. (Wanyamwezi wenyewe, inasemekana, waliitwa hivyo na watu wa pwani kwa sababu walitokea upande mwezi mwandamo unakoonekana. Kumbe hata mwenyeji jina lake alipewa na wengine.)

Bibi wa mwenzetu mmoja alizaliwa Burundi. Miaka yote akikaa hapa alikuwa akisema, "Huku ugenini." Alipopata nafasi akaenda kutembea kwao. Aliporudi tulimzunguka, tukitaka habari. Akasema, "Wajukuu zangu, mto niliuona, ila watu wote wageni. Kule nako ni ugenini."

Tulijaribu kuliweka neno lake kwa Kiingereza ili tumpelekee mwalimu. Tukaandika "strange", tukafuta. Tukaandika "foreign", tukafuta pia. Daftari lilichafuka, na adhana ya Maghrib ikatukuta hatujamaliza.